Mkanda wa Upande wa Mama

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe, twendeni kwanza milimani, kwa watu wanaolima tangawizi. Huko aliishi bwana mmoja mwenye pikapu kuukuu. Nikisema kuukuu msifikirie mkweche. Hii ilikuwa kuukuu ya kuringia. Marehemu baba yake aliinunua mwaka sitini na nne, akaipaka rangi ya samawati kwa mkono wake mwenyewe, akaiendesha mpaka macho yalipomkatalia, kisha akamrithisha mwanawe. Mlango wa dereva uliwahi kukwaruzwa na lori ukapakwa upya, lakini upande wa kushoto ulikuwa bado na rangi ya mzee yule yule. Ukisogea karibu unaona hata mapito ya brashi. Watu waliokuja harusini waliomba kupiga picha wameegemea hapo.

Ndani palikuwa na kiti kimoja kirefu, cha kukaa watu watatu waliozoeana. Na mikanda? Haikuwapo hata mmoja. Enzi zile abiria alishika dashibodi na kumwomba Mungu.

Mke wa bwana huyu alikuwa nesi mstaafu. Miaka thelathini na moja alifanya kazi zahanati ya pale chini, barabara inapoanza kupanda, na wote walioangukia kwenye kona za mlima ule walipitia mikononi mwake. Alijua mbavu zilizokutana na usukani zinavyokuwa. Siku za kliniki, akimaliza kupima watoto, aliwaambia kina mama: "Ukipanda gari, funga mkanda. Usiseme nafika hapo tu. Wote niliowapokea hapa walikuwa wanafika hapo tu."

Halafu jioni anarudi nyumbani kwa pikapu isiyo na mkanda. Alikuwa akimwambia mumewe, na mumewe akimjibu, "Gari hili limemlea baba, limenilea mimi, litatushinda leo?" Mama akanyamaza. Mnajua kina mama wanavyonyamaza.

Walipotimiza miaka arobaini ya ndoa, watoto walirudi kutoka walikokuwa, wakachinja, wakaalika majirani na wazee wa kanisa. Binti yao mkubwa, Elifuraha, akamuuliza mama yake mbele ya watu, "Mama, baba akupe zawadi gani?"

Mama akasema, "Mimi kitenge ninacho, sufuria ninazo. Namwomba Baba Elifuraha anifungie mkanda kwenye pikapu. Ule wa kupita begani, kama wa magari ya siku hizi."

Watu wakacheka. Yule bwana, ambaye naye alikuwa mzee wa kanisa, akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Mama Elifuraha, nimesikia. Kabla mwezi haujaisha mkanda utakuwepo." Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakabweka.

Jumatatu akaipeleka pikapu kwa fundi mmoja aliyeitwa Mbonea. Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ilikuwa safi. Akabandua kitambaa cha ndani karibu na mlango, akagonga kwa kidole, akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mzee," akasema, "mkanda wa begani haufungwi kama kamba ya kuanikia nguo. Siku ya siku unabeba mtu mzima anayeruka. Hapa juu pana bati tupu. Lazima niweke bamba la chuma kwenye nguzo ya mlango, nilichomelee, ndipo bolti ipate pa kung'ata."

"Choma basi."

"Nikichoma, rangi ya nje itababuka. Nitaipaka tena vizuri, lakini haitakuwa ile ya marehemu."

Bwana akapapasa rangi kwa kiganja. Akazunguka gari. Upande wa dereva akasema hakuna neno, rangi ya hapo si ya baba. Fundi akachomelea bamba, akafunga mkanda, akaning'inia kwa mikono miwili na mkanda haukutikisika. Wakaja upande wa kushoto.

"Huku weka skrubu tu," bwana akasema.

"Skrubu kwenye bati, mzee? Hilo litakuwa pambo."

"Mimi ni dereva mwangalifu. Tangu nishike gari hili sijagonga hata kuku."

Fundi akafuta mikono kwa tambara. "Nisamehe, mzee wangu. Upande huo sitaufunga hivyo. Mama yule ndiye aliyemzalisha mke wangu watoto wote wanne. Kama hutaki nichome, mwambie tu hakuna mkanda, ajue anapanda gari lisilo na mkanda."

Ndugu zangu, je, halikuwa neno la busara? Mwambie tu hakuna. Lakini alishaahidi mbele ya watu, na vigelegele vilishapigwa. Akauchukua ule mkanda wa pili kwenye mfuko wake, akaenda nao nyumbani. Jumamosi asubuhi mkewe alipokwenda sokoni, akachukua bisibisi, akaufunga mwenyewe kwa skrubu nne kwenye bati. Juu yake akabandika kifuniko cheusi cha plastiki, kikapendeza. Akauvuta kwa mkono, ukashika. Gari limesimama uani, anayevuta ni mtu mmoja tena kwa huruma, ungeachaje kushika?

Mama aliporudi akauona. Aliweka kikapu chini hata hakuangalia kimewekwa wapi. Akapanda, akauvuta, akaupitisha begani, akausikia ukilia *kap*. Akakaa hivyo hivyo, gari limezimwa, kuku wanapita, akasema, "Baba Elifuraha, asante. Najua ulivyoipenda rangi ile. Nimeona upande wako umechomwa, na huku kwangu fundi ameweza bila kuigusa rangi. Asante sana."

Yule bwana akasema, "Haya, shuka tule." Na chakula cha siku ile hakukisikia utamu.

Tangu siku hiyo mama hakupanda bila kufunga. Hata wakienda dukani tu alifunga, kwa utaratibu, kama anavyofunga kilemba. Na kila mkanda ulipolia *kap*, mumewe alijifanya anatazama kioo cha pembeni. Alijiambia atarudi kwa fundi baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Akasema baada ya mvua.

Ikafika Alhamisi moja, saa nne asubuhi. Walikuwa wanateremka na magunia sita ya tangawizi nyuma, na mama alikuwa na kanga mpya mapajani ya kumpelekea mzazi aliyejifungua juzi. Wanazungumza habari za mtoto huyo, kwamba amefanana na babu yake. Kwenye kona ya tatu wakakutana na mkokoteni wa mbao umesimama katikati ya njia, mwenyewe anaufunga kamba. Bwana hakuwa mbio. Na hilo naomba mlielewe. Alikuwa mwendo wake wa siku zote. Akakanyaga breki, magunia yakasukuma, pikapu ikamkwepa yule mtu na kuparamia ukingo wa udongo. Ikasimama papo hapo.

Mkanda wa dereva ulimdaka kama mkono wa mtu. Haukumuumiza ila ulimwachia alama nyekundu kifuani. Upande wa pili alisikia sauti ya bati kuchanika, kama mtu anafungua kopo. Mama akaenda kujigonga kwenye dashibodi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo palipomtesa bwana huyu kuliko mahali pengine popote. Alipogeuka alimwona mkewe ameinamia mbele, damu inatoka mdomoni, na mkanda umelala mapajani pake juu ya ile kanga, skrubu mbili zikining'inia. Mwenye mkokoteni alikuwa anakuja mbio. Mkono wake ukatoka. Mngefikiri unamwendea nani? Ulikwenda kwenye mkanda. Akaufyatua, akausukuma nyuma ya kiti pamoja na kile kifuniko cheusi. Ndipo akamshika mkewe.

Na mkewe jicho lake moja lilikuwa wazi.

Hakufa. Mungu ni mwema, hakufa. Alivunjika mtulinga, mfupa huu wa begani, akapoteza meno mawili ya mbele, na shavu likashonwa nyuzi tisa. Pale hospitalini tabibu kijana, aliyekuwa akimfahamu kwa sifa zake, alimuuliza huku anaandika, "Mama nesi, hukufunga mkanda?"

Kulikuwa na watu watano chumbani. Mama akamtazama mumewe. Akamtazama muda wa kutosha. Kisha akasema kwa mdomo ule uliovimba, "Sikufunga. Nilijisahau."

Tabibu akatikisa kichwa. "Hata wewe, mama?"

Na yule bwana, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika viatu vya mkewe, hakusema kitu.

Habari ilipanda mlima kabla yao. Wageni wakaja na ndizi, wakaja na maziwa, na kila aliyekuja alikuja na maneno. "Mganga hajigangi!" "Ulitufundisha wenyewe, mama, halafu wewe!" Walisema kwa kucheka, hawakuwa na ubaya, na mama naye alicheka kwa kuziba mdomo, kwa sababu ya yale meno. Mumewe alikuwa akitoka kila mara kwenda kutazama ng'ombe. Ng'ombe wale hawakuwahi kutazamwa hivyo tangu wazaliwe.

Wiki ya tatu mama alikwenda ibadani, mkono umefungwa shingoni. Mchungaji wao, mtu mwema, lakini sisi wahubiri tuna haraka ya mfano, akasema kutoka madhabahuni, "Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yetu. Na tujifunze kwake: kujua si kutenda. Mkanda ulikuwepo, mumewe alimfungia kwa upendo, yeye hakuuvaa. Ni wangapi wetu tuko hivyo na wokovu?" Watu wakaitikia amina. Kina mama wa zahanati, wale aliowafundisha, wakatazamana. Na mama akainama.

Yule bwana alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha wazee. Jasho lilimtoka mpaka kola ya shati ikamganda shingoni. Alitamani sakafu ifunguke. Lakini wapendwa, sakafu haikufunguka, ibada iliendelea, naye kikapu cha sadaka alikibeba kama kawaida.

Nje, watu walipokuwa wakisalimiana, Mbonea fundi alimsogelea. Alivua kofia.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kuuliza. Ni kweli mama hakuwa amefunga?"

Hapo mlango ulikuwa wazi, ndugu zangu. Wazi kabisa. Anayeuliza anajua, tena anauliza kwa heshima, pembeni, hakuna wa kusikia. Neno moja tu lingetosha.

Bwana akasema, "Si umesikia alivyosema mwenyewe."

Fundi akamtazama. Akarudisha kofia kichwani. "Haya, mzee," akasema, akaondoka, na tangu siku ile akawa akimsalimia kwa mbali.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe jikoni anajaribu kumenya viazi kwa mkono mmoja. Akachukua kisu, akakaa kwenye kigoda, akamenya yeye. Alimenya viazi vitatu. Cha nne akakiacha.

"Mama Elifuraha. Kwa nini ulisema hukufunga?"

Mama hakushtuka. Alikuwa kama mtu aliyengoja basi muda mrefu, likafika.

"Kulikuwa na watu chumbani," akasema. "Ulikuwa umeshika viatu vyangu, unatetemeka. Nikasema acha nimsitiri mpaka tabibu atoke. Watu wakitoka, atasema mwenyewe. Tabibu akatoka. Nikasema basi, kesho. Kesho ikapita. Wageni wakaja, nikasema labda leo." Akasogeza bakuli la viazi kando. "Baba Elifuraha, mtu humfunika mwenzake akiwa uchi ili apate nafasi ya kuvaa. Mimi nilikufunika. Wewe ukalala."

Bwana akaweka kisu chini.

"Meno yatatengenezwa," mama akasema. "Mtulinga unaunga. Lakini leo yule binti wa Nakijwa, niliyemshika mkono siku anazaa, amenitazama kama mwongo. Miaka thelathini na moja nimewaambia wafunge. Sasa nani atafunga?"

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu kwa yule bwana.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama. Hakuwa ameandikwa kwenye matangazo. Mchungaji akafikiri anataka kutoa shukrani, akampisha. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, ya kuanza na historia ya gari na marehemu baba yake, yakamtoroka yote. Akasema:

"Mke wangu alikuwa amefunga mkanda. Mkanda ndio haukuwa umefungwa. Niliufunga mimi, kwa skrubu kwenye bati, ili rangi isiharibike. Fundi Mbonea alinikataza. Siku ya ajali niliuficha. Mama amenibebea lawama siku ishirini na nne. Mmemcheka, nami nilikuwepo."

Akakaa. Akaona kiti kile si chake, akainuka tena, akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango.

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alitazama karatasi yake ya matangazo, akaigeuza, hakukuwa na kitu nyuma. Kisha akashuka madhabahuni, akaenda mpaka alipokaa mama, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mama, nisamehe. Nilikutumia." Kina mama wa zahanati wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kumshika ule mkono wake mzima. Yule bwana alikuwa akiona migongo yao tu. Hakuna aliyekwenda kumshika mkono yeye, naye hakutegemea.

Je, mkewe alimsamehe? Mnataka kujua. Wiki ile ile bwana alimpelekea Mbonea pikapu, moto ukawaka, rangi ya marehemu ikababuka kama maganda, bamba likakaa. Mkanda wa upande wa mama sasa ungeweza kumbeba ng'ombe. Lakini mama alipoambiwa panda, alisema, "Ngoja kidogo. Kwa sasa nitatembea." Basi mumewe anaacha gari, anatembea naye mpaka kanisani, kilomita nne, kupanda na kushuka. Siku za mwanzo walitembea kimya. Siku hizi, nasikia, wanazungumza kidogo, hasa wakifika kwenye mteremko.

Najua mnachongoja sasa, wapendwa. Mnangoja niseme juu ya imani ya skrubu na imani ya bamba. Ningeweza, na mngeitikia vizuri. Lakini zile skrubu zilikuwa kosa la asubuhi moja, la mtu aliyempenda baba yake kupita kiasi. Kosa lililomvua nguo bwana yule ni zile siku ishirini na nne. Alimwona mtu asiye na hatia amevaa aibu yake, ikamkaa vizuri, akaiacha hapo.

Na sisi? Tusijifanye tunamtazama yeye. Yule binti wa kazi tuliyemfukuza kwa ajili ya saa iliyopotea, kisha saa ikaonekana nyuma ya kabati: tulimpigia simu? Baba, daktari alikuambia wewe, tena kwa maandishi, kwamba tatizo la kukosa mtoto ni lako. Ni mwaka wa ngapi huu mkeo anaitwa tasa kwenye vikao vya ukoo, nawe unakunywa chai? Mwalimu wa kwaya tuliyemwondoa kwa sababu hakuja kwenye semina, na barua ya mwaliko ilisahaulika kwenye droo ya kamati. Kamati, mko hapa. Dada mkubwa uliyevunja kitu utotoni na mdogo wako akachapwa, ni zamani, sawa, lakini yeye hajasahau, muulize.

Hawa watu hawatupigii kelele. Wengine wanatusitiri kwa hiari, kwa upendo, kila siku wakisema labda leo. Na sisi tumezoea joto la shuka lao mpaka tumesahau kwamba shuka si letu. Tunaomba toba kwa Mungu usiku na mchana, naye anasikia, lakini kuna jina la mtu ambalo Mungu hawezi kulisafisha kwa niaba yetu mpaka sisi tufungue kinywa mbele ya wale wale waliomcheka. Itatuumiza. Tutakaa nyuma karibu na mlango, na hakuna atakayetushika mkono. Tukae hivyo hivyo.

Kwaya, naomba msisimame kwanza. Mlango wa pembeni uko wazi, na ibada haitakimbia. Mwenye mtu wa kumfuata aende sasa, kabla maneno hayajapoa. Nami ninayesema haya nina simu ya kupiga, nimeiahirisha tangu mwezi wa pili. Mzee wa zamu, kaa nao kimya mpaka nirudi.